Mnalicheka Shavu la Nani?

"Watu wanalala njaa na wewe unataka mashavu?" Swali hili hurushiwa mwanamke transjenda kila anapothubutu kusema kwamba anaweka akiba ajaziwe mashavu. Halingoji jibu. Hufuatwa na kicheko, na wanaocheka hujiona wana busara kwa sababu wamewakumbuka wenye njaa. Lakini hebu waangalie vizuri. Mmoja ana nyaya za meno, mwingine amebandika kope, wa tatu ametoka kwa kinyozi ambako ndevu zimepakwa rangi zionekane zimejaa. Walipokuwa kwenye foleni ya kulipa, njaa ya watu haikuwajia akilini.

Dai langu ni hili: kwa mwanamke aliyebadili jinsia, shavu linaweza kuwa usalama, na linaweza kuwa afya. Na hicho kicheko chenu, bana, si cha bure. Kina bei, na anayeilipa si wewe.

Nairobi ni mji wa kusomana nyuso. Makanga ana sekunde mbili za kuamua kama atakuita "siz" au "bro". Soja wa mlangoni ana mistari miwili ya ukaguzi, wa wanawake na wa wanaume, na anakuelekeza kwa jicho tu. Keretaka anakutazama kwanza, ndipo anakumbuka kama kuna nyumba au hakuna. Hakuna hata mmoja wao anayeomba karatasi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha KCSE chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Ulikuwa ushindi mkubwa, na uliwafungulia wengine njia. Lakini makanga hasomi hukumu za Mahakama Kuu. Anasoma taya, paji la uso na mashavu. Ukisomwa vibaya kwenye steji saa nne usiku, hutapata muda wa kumpigia wakili.

Wengine watasema, si ameze homoni angojee? Homoni zinasaidia, kweli. Estrojeni ikianza kazi, baada ya miezi michache mafuta ya mwili huanza kujipanga upya, mengine yakitua usoni, na mabadiliko hayo huchukua miaka miwili hadi mitano kufika mwisho wake. Ila mfupa uliokomaa wakati wa balehe hausogezwi na tembe. Kuna ambao uso wao hulainika wakatosheka, na kuna ambao mashavu hubaki bapa vilevile. Hao wa pili ndio tunaowaambia wakae tu hivyo, huku sisi wenyewe hatuwezi kupiga selfi bila filta.

Tunajifanya hatuelewi jinsi shavu linavyoweza kumharibia mtu maisha. Tunaelewa sana. Waulizeni wazazi wenu kuhusu miaka ya 2000. ARV zilipoanza kuwafikia Wakenya wengi, mojawapo ya dawa za kwanza walizopewa ilikuwa stavudini. Iliokoa maisha. Wakati huohuo, kwa wengi walioitumia muda mrefu, iliyeyusha mafuta ya usoni. Mtu alipata nguvu, akarudi kazini, akaanza kula vizuri, lakini mashavu yakabonyea, yakabaki mashimo mawili. Mtaa mzima ukajua ana mdudu. Yeye hakuwa amemwambia mtu, shavu lilimsemea. Akilalamika, aliambiwa ashukuru yuko hai. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziache kutumia stavudini hatua kwa hatua, kwa sababu ya madhara yake ya muda mrefu, na hili la mafuta likiwemo.

Marekani nako kulikuwa na watu wa mashavu yaliyobonyea kwa ajili ya dawa za virusi. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliidhinisha Sculptra, sindano ya kurudisha ujazo wa uso kwa watu wenye virusi vya Ukimwi. Mwaka 2010 Medicare, bima ya serikali yao, ikakubali kulipia sindano za aina hiyo kwa wagonjwa ambao kubonyea kwa uso kumewachangia msongo wa mawazo. Rudia hapo polepole: serikali ililipia mashavu. Ilikubali kwamba uso unaokutangaza bila ruhusa yako ni sehemu ya ugonjwa, na kuurekebisha ni sehemu ya tiba. Kama hoja hiyo ni halali kwa aliyetangazwa na dawa, kwa nini iwe kichekesho kwa anayetangazwa na mfupa?

Sasa tuongee mambo yenyewe, maana kicheko hustawi mahali pasipo na maarifa.

Njia ya kwanza ni fila, jeli inayodungwa chini ya ngozi. Inayotumika zaidi imetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki. Hii ni kama kukodi nyumba: unaingia haraka, bila kupasuliwa, halafu kodi inarudi. Baada ya miezi kadhaa, au mwaka mmoja hadi miwili kwa jeli nzito, mwili unakuwa umeimaliza. Faida yake ni kwamba usipoipenda, daktari anaweza kuiyeyusha kwa dawa iitwayo hayaluronidasi. Hatari yake ni kwamba jeli ikiingia ndani ya mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, na mara chache mtu hupofuka. Kwa hiyo mdungaji anayejua kazi ana dawa ya kuyeyusha ndani ya chumba hichohicho. Akikuambia "tutaitafuta ikihitajika", chukua mkoba wako uende.

Ya pili ni mafuta yako mwenyewe. Yananyonywa tumboni au mapajani, yanasafishwa, yanadungwa shavuni. Ni kama kuhamisha udongo wa shamba lako mwenyewe: ni wako, lakini mvua ikinyesha mwingine unasombwa. Sehemu kubwa inaweza kupotea katika miezi ya mwanzo, na wengine hulazimika kurudia. Aliye mwembamba sana huenda asiwe na pa kuyatoa. Na yakiingia kwenye mshipa wa damu, mafuta hayana dawa ya kuyayeyusha kama jeli.

Ya tatu ni kipandikizi, mara nyingi cha silikoni, kinachowekwa juu ya mfupa kupitia mkato ndani ya mdomo, juu ya fizi. Hii sasa ni ploti. Unanunua mara moja, inakaa, lakini ukinunua vibaya kubomoa ni gharama nyingine. Kinaweza kuingia maambukizi, kikahama upande mmoja, au kikaigusa neva na kuacha ganzi shavuni na kwenye mdomo wa juu. Kuna pia kukata mfupa wenyewe na kuusogeza, lakini hiyo hufanywa mara chache na huhitaji mpasuaji bingwa wa nyuso na hospitali kamili.

Kipandikizi na mafuta vyote viwili vimetajwa kwenye viwango vya tiba vya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transjenda, toleo la nane la mwaka 2022. Kwa hiyo anayeuliza kuhusu mashavu anauliza jambo ambalo madaktari wameshaliandika kuwa ni tiba.

Lakini kliniki nazo zisikae zikidhani nimekuja kuzipigia debe. Upasuaji wa kuupa uso sura ya kike una historia yake. Ulianza San Francisco mwaka 1982 na Douglas Ousterhout, mpasuaji wa mafuvu na nyuso. Alipotaka kujua uso wa kike unatofautianaje na wa kiume, alirudi kwenye vipimo vya wanaanthropolojia na kwenye mkusanyo wa mamia ya mafuvu. Kazi yake imewasaidia wengi. Shida inaanza pale wastani wa mafuvu unapogeuzwa sheria, halafu sheria inapogeuzwa bidhaa. Panda matatu yoyote ya Rongai asubuhi uhesabu. Kuna mwanamke mwenye mashavu ya juu, kuna mwenye mashavu bapa, kuna mwenye uso mrefu kama wa babake, na wote wanaitwa "siz" bila wasiwasi.

Isitoshe, wataalamu wanaotambua mifupa ya marehemu huuchukulia mfupa wa shavu mkubwa na mzito kuwa dalili mojawapo ya fuvu la kiume. Kinachosomwa na wengi kuwa cha kike ni ule ujazo laini wa mbele, chini ya jicho. Anayekujazia pembeni mpaka uso unapanuka amechukua pesa zako akakurudisha ulikotoka. Ushauri wangu kwa anayejipanga: usiende kliniki na picha ya staa wa Instagram. Nenda na picha ya shangazi yako. Shavu lililo lako lilishapimwa ndani ya ukoo wenu, na kipimo hicho hakitoki California.

Kicheko kinaingilia wapi basi? Kinaingilia kwenye maswali. Kuna maswali ambayo kila anayedungwa anapaswa kuuliza kwa sauti: hii jeli inaitwaje, nionyeshe chupa na tarehe ya mwisho, wewe umesajiliwa wapi, kukitokea shida usiku nampigia nani? Mtu anayejua atachekwa haulizi. Hamwombi dadake amsindikize. Hamwambii daktari wa kawaida. Anatafuta mahali ambapo hataulizwa kitu, na mahali pasipoulizwa kitu ndipo penye sindano mbaya. Huko ndiko silikoni ya maji hudungwa kama jeli. Hiyo haiyeyuki. Inaweza kusafiri mwilini, ikaleta mavimbe hata miaka mingi baadaye, na kuitoa yote mara nyingi haiwezekani. Huko pia ndiko zinakopatikana zile kalamu za kusukuma jeli bila sindano, ambazo FDA iliwaonya watu mwaka 2021 wasizitumie.

Na hata kwenye mwanga bado kuna hatari. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki hapa Nairobi baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta, na Baraza la Madaktari likaifunga kliniki. Ile ilikuwa na mlango na bango. Sasa fikiria chumba kisicho na bango, mteja ambaye familia yake haijui aliko, na mdungaji anayejua kwamba huyu hawezi kwenda kuripoti, kwa sababu akifika kituoni yeye ndiye atakayehojiwa.

Najua majibu mliyo nayo. Ati Mungu hakukosea. Sawa, lakini mbona hamjasimama nje ya kliniki ya meno na mabango? Ati si Uafrika. Uafrika upi? Wajaluo waling'oa meno ya chini, Wakamba waliyachonga yakawa na ncha, Wamaasai walitoboa masikio na kuyanyoosha mpaka yakagusa bega. Wazee wetu waliubadilisha uso ili mtu aonekane ni wa nani. Huyu naye anaomba hicho hicho: uso unaosema yeye ni nani.

Jibu ninaloliheshimu ni la wanawake wenzangu wanaosema kwamba kila shavu linalonunuliwa linatuongezea sisi sote deni la kuwa warembo. Kuna ukweli hapo. Biashara ya urembo inatukamua. Lakini haiwi haki kumdai huyo pekee aanze mgomo, yeye ambaye akigoma anaweza kupigwa barabarani. Tuanze sisi ambao tukitoka bila wanja hatutaulizwa kama ni wanawake. Tukishamaliza, tutamwita.

Ninachotaka ni vitu vidogo tu. Wewe unayecheka, siku rafiki yako akitaja mashavu, muulize jina la daktari mlitafute pamoja kwenye orodha ya waliosajiliwa. Iko wazi kwenye tovuti ya KMPDC. Nyinyi wenye kliniki, mwanamke transjenda akiingia, mjibuni kama mnavyomjibu bibi harusi: bei kwa maandishi, jina la dawa, hatari zote, na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Mkiona hahitaji, mwambieni hahitaji, hata kama pesa anazo mkononi. Hakuna kati ya hayo linalongoja mswada bungeni. Na wenye njaa mliowataja mwanzoni, kama kweli mnawakumbuka, wapelekeeni chakula. Hawajawahi kushiba kwa kicheko chenu.