Klipu Bora ya Mazoezi ni Ile Hutaiposti

Wasee, kama uko TikTok na unapenda michezo, lazima umekutana na yule kijana wa Uganda, Dennis Kasumba. Yuko Wakiso kwenye barabara ya vumbi, amevaa vifaa vya mdakaji wa besiboli, anaruka tairi na kunyanyua vitu vizito vya kujitengenezea. Klipu hizo zilizunguka dunia, na mwaka 2023 akafika Marekani kuchezea Frederick Keys, timu ya Maryland kwenye ligi ya vijana wanaotaka kuonekana na klabu kubwa. Kabla ya besiboli alikuwa akifanya kazi kichinjioni. Sisi wa Kiamaiko, tunaoamshwa na lori za mbuzi kutoka Moyale na Marsabit, hiyo stori hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa kila kijana anayefanya mazoezi huku, awe wa ndondi au wa soka, anataka klipu kama hizo. Nawaelewa. Mimi hula kwa kazi hiyo ya kamera. Lakini nina maoni ambayo pengine yataniharibia biashara: wengi wenu mnafanya mazoezi ya kamera, na mwili haujui tofauti. Unajifunza kile unachoufanyisha mara nyingi, basi.

Chukua besiboli yenyewe, hasa kupiga. Mrushaji anasimama mita 18.4 kutoka kwako. Akirusha mpira wa kilomita 150 kwa saa, unakufikia kwa takriban sekunde 0.4. Ukipepesa macho, umepita. Hakuna mtu anafikiria ndani ya muda huo. Mikono inafanya ilichozoea, na kama ilizoea upuuzi, itafanya upuuzi. Hata wale wakali kabisa, anayefanikiwa mara 3 kati ya 10 anaitwa nyota.

Mazoea hayo yanajengwa lini? Si wakati wa ligi. Kule Marekani ni ile miezi ya Novemba mpaka Februari, viwanja vimefungwa. Na hapo ndipo kuna mtego. Ligi ikiendelea, mrushaji anakukosoa bure: ukikosea, mpira unapita na kila mtu anaona. Ligi ikiisha hakuna wa kukukosoa. Unaweza kuzungusha rungu vibaya miezi minne na ujione uko sawa kabisa, hasa kama kuna watu elfu kumi wanakuwekea moto kwenye komenti. Mtazamaji hajui kama kichwa chako kiliinuka kabla ya rungu kugusa mpira. Yeye ameona nguvu na jasho, ameridhika, amesonga kwa klipu inayofuata.

Nimeliona hili kwa vijana wa ndondi ninaowarekodi, na ni ugonjwa uleule. Nikiwasha simu, begi linapigwa kama limeiba mbuzi. Kidevu kiko juu, mkono wa kujikinga umeanguka, lakini klipu ni moto. Nikizima, mtu anakaa chini anaomba maji. Dakika moja ya fujo, na hiyo ndiyo imekuwa mazoezi ya siku.

Mtu atasema, lakini bila kamera Kasumba angejulikana na nani? Hoja hiyo ni nzito na sitaikimbia. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League kule Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika, ya kwanza kutoka Afrika, na ikaifunga timu ya Oregon 3-2. Kwa hivyo najua kuwa mzuri peke yake hakufungui mlango kila mara, na kama klipu inaweza kusukuma mlango, isukume. Ila mwaka 2022 Waganda wengine wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na Los Angeles Dodgers, na naona wengi wenu mnasoma majina yao hapa kwa mara ya kwanza. Na ukishaingia, yule aliye mita 18 mbele yako hajali una wafuasi wangapi.

Anayenifurahisha mimi ni Tony Gwynn wa San Diego Padres. Huyu alianza kutumia kanda za video miaka ya 1980, mkewe akimrekodia mechi kwenye runinga. Alikuwa anabeba mashine zake za video safarini, anajitazama akipiga, anatafuta kosa. Wenzake wakamtania kwa kumwita Kapteni Video. Alimaliza akiwa bingwa wa wastani wa kupiga mara 8. Kamera ileile tuliyonayo sisi, tena yake ilikuwa nzito na mbovu kuliko simu yako. Tofauti ni kwamba mtazamaji alikuwa yeye.

Na usiniambie huna uwanja. Watoto wa Jamhuri ya Dominika hucheza mchezo unaoitwa vitilla kwa mti wa ufagio na kifuniko cha mtungi wa maji. Kifuniko kinapepea hovyo, jicho linalazimika kukifuata mpaka mwisho. Vifuniko vya mitungi ya lita 20 vimejaa hapa kwetu, na paa la ploti linatosha, bora uondoe nguo za watu kwenye kamba kwanza.

Kwa hivyo ukija kwangu unirekodi nikurekodi, utaratibu umebadilika. Wiki ya kwanza simu inawekwa pembeni, usawa wa kiuno. Unapiga taratibu, mara 20, hakuna muziki. Tunatazama pamoja: kichwa kimetulia? Mguu wa mbele umekanyaga kabla mikono haijaanza? Halafu nafuta. Kesho tena. Nimewaambia vijana watatu hivyo mwezi huu. Wawili wameenda kwa mpiga picha mwingine. Wa tatu amekuja siku tisa mfululizo, na bado sijaposti kitu.