Teolojia si Mali ya Mapadre Peke Yao



Waamini huchangia kwa moyo masomo ya waseminari, na ni vema. Lakini katekista au mama wa jumuiya ndogo ndogo akitamani shahada ya juu ya teolojia, huulizwa: “Ya nini, nawe si padre?”

Kanisa lilikwisha kujibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes (1965), ulitamani walei wengi wapate malezi ya kutosha katika elimu takatifu. Kanuni ya 229 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawapa haki ya kusoma katika vyuo vikuu vya Kanisa na kupata digrii.

Hata hivyo, haki isiyo na karo hubaki karatasini. Wala mhitimu asirudi parokiani kufundisha kwa shukrani tupu: kanuni ya 231 yataka ujira wa haki.

Viongozi wa halmashauri za walei, tengeni fungu kwa ajili yao. Tunaodai haki serikalini, tuianzie nyumbani mwetu.