Kabla hujatuma barua pepe kuhusu afya ya mwanao

Mzazi mwenye simu ya Android mara nyingi ana anwani ya Gmail, kwani aliifungua ili aweze kupakua programu. Wengi hawajawahi kuitumia kuandika barua. Shida huanza pale mtoto mwenye pumu, selimundu au kifafa anapoingia shule mpya na mwalimu akaomba maelezo kwa barua pepe.

Anza na anwani. Haina nafasi katikati, na lazima iwe na alama ya @. Ihakiki herufi kwa herufi, kwa sababu ukikosea moja tu, siri ya mwanao inaweza kumfikia mtu usiyemjua.

Kisha jaza sehemu ya mada. Ukiiacha wazi au ukiandika "Habari" tu, barua inaweza kupitwa. Lakini usitaje ugonjwa hapo, kwani mada huonekana hata simu ya mwalimu ikiwa mezani imefungwa. Andika "Maelezo kuhusu mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza B", inatosha.

Barua yenyewe iwe fupi: salamu, wewe ni nani, tatizo, unachoomba na namba yako ya simu. Kwa mfano:

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama yake fulani wa Kidato cha Kwanza B. Ana pumu, na maelezo ya daktari nimeyaambatanisha. Naomba aruhusiwe kuwa na inhela yake muda wote, hata michezoni. Ukiipata barua hii tafadhali nijulishe. Asante."

Usiandike yote kwa herufi kubwa, utaonekana unafoka. Vifupisho vya meseji kama "cjui" na "xaxa" viache kwa marafiki. Hakikisha pia kiambatisho kimeingia kweli. Kama umekwenda kuskani cheti steshenari na ukafungua barua pepe yako kwenye kompyuta yao, toka kwenye akaunti kabla hujaondoka.

Hatari kubwa ipo kwenye kujibu. Tuseme shule imetuma tangazo la safari kwa wazazi 40, na anwani zao zote zinaonekana. Ukibonyeza "Jibu wote" kueleza kwamba mwanao bado anakojoa kitandani, au anatumia dawa za kufubaza virusi, umewaambia wazazi wote hao. Haitachukua siku nyingi kabla darasa zima halijajua. Bonyeza "Jibu", kisha angalia tena ni nani ameorodheshwa kupokea.

Gmail hukupa nafasi ya kutendua ulichotuma, lakini haizidi sekunde 30. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hata hivyo, hakuna sheria inayoweza kufuta kilichokwisha kusomwa.

Kumbuka pia kwamba barua pepe si ya dharura. Inaweza kukaa hadi kesho bila kufunguliwa. Mtoto akibanwa na kifua, piga simu.

Ukimaliza kuandika, isome barua yako mara moja zaidi huku ukijiuliza: mwanangu angekuwa amekaa hapa pembeni, angekubali watu hawa waisome?