Ituri: Tahadhari imetolewa, lakini nani ameisikia?

Usalama unapozorota Djugu, Irumu au Mambasa, swali la kwanza mjini Bunia ni hili: je, tahadhari ilitolewa? Ni mara chache tunauliza la pili: je, ilisikika?

Swali hilo ni la uhai. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa pili 2022, wanamgambo wa CODECO waliua watu wapatao 60 katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, wilayani Djugu. Pale ambapo simu haina mtandao, kijiji hutegemea foni, ile redio ya kuongea kituo kwa kituo, na redio ndogo ya FM. Lakini tukizungumzia mawasiliano, tunahesabu minara na wati za mitambo. Anayepokea tunamsahau.

Kelele inaanzia wapi

Mawimbi yanayofika kwenye antena ya mbali ni dhaifu mno. Kabla ya kuwa sauti, hukuzwa hatua kwa hatua na amplifaya, na kila amplifaya huongeza kelele yake. Mwaka 1944 mhandisi Harald Friis alionyesha kwamba ya kwanza ndiyo huamua: ikikuza nguvu mara 100, uzito wa kelele ya inayofuata hupungua mara 100. Kelele iliyoingia mwanzoni hukuzwa pamoja na habari. Ndiyo maana, kwa FM ya mbali, amplifaya tulivu hufungwa juu, karibu na antena. Waya mrefu ukila nusu ya mawimbi kabla ya kukuzwa, huwezi kuirudisha.

Hatari ya kupokea kila kitu

Kishawishi ni kununua amplifaya moja ya masafa mapana, itumike kwa foni, FM na televisheni. Kuitengeneza vizuri ni kazi ngumu, maana utulivu peke yake hautoshi: lazima ivumilie pia mawimbi makali, kama yale ya mitambo iliyo karibu mjini. Isipovumilia, vituo viwili vyenye nguvu, kimoja kwenye 100 na kingine kwenye 104 megahezi, huzaa ndani yake kituo cha uongo kwenye 96. Kituo dhaifu cha kweli kilicho hapo hufunikwa.

Kwa foni, shida ni nyingine. Kwenye masafa yake kelele nyingi hutoka nje: radi, chaja na inveta za sola za bei rahisi. Na mashariki mwa Kongo radi si haba: vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Hapo amplifaya tulivu zaidi haisaidii sana. Kinachosaidia ni chujio zuri, antena iliyo mbali na inveta, na umeme safi wa betri.

Kwa hiyo, serikali au shirika linaloleta vifaa vya tahadhari lisitaje wati peke yake. Liseme pia redio za kupokea zina kelele kiasi gani, zinavumilia mawimbi makali kiasi gani, na zina chujio gani. Kisha zijaribiwe kijijini, sola ikiwa imewashwa na mvua ikikaribia, si ofisini Bunia. Tahadhari isiyosikika haimkimbizi mtu.