NYUMBA ZING'ARE, LAKINI ZISIANGUKE

Ni desturi njema ya wananchi wa Visiwani kuzitengeneza nyumba zao kila inapokaribia Sikukuu. Kuta hupakwa rangi, milango husuguliwa, na vyumba vilivyokuwa na kiza hupata nuru. Desturi hiyo tunaiunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar imezuka tabia ambayo hatuna budi kuikemea, nayo ni kupiga lipu ya saruji na kupaka rangi ya mafuta juu ya kuta za mawe na chokaa.

Wazee wetu walizijenga nyumba hizo kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua, kisha huyatoa tena kwa jua na upepo. Ukivishwa saruji, unyevu hukosa njia ya kutokea. Nje nyumba hung'ara; ndani chokaa hulegea, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza kwamba anayeziba ufa wa chokaa kwa saruji huuficha tu.

Jengo kongwe halitaki mzaha. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu 2 wakapoteza maisha.

Anayetaka mwanga asiende mbali. Chokaa nyeupe hung'arisha chumba na huuacha ukuta upumue. Ua wa ndani ulioezekwa mabati ufunguliwe, jua liingie kama lilivyokusudiwa.

Lakini lawama zote zisiwaangukie wakaazi. Mnyonge hununua saruji kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Kwa hiyo tunatoa wito kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, na wahusika wote: chokaa iliyoiva ipatikane kwa bei nafuu, vibali vya matengenezo vitolewe bila ya kuzungushana, na vijana wafundishwe kazi hiyo kabla mafundi wazee hawajamalizika. Serikali na Wakfu, wenye nyumba nyingi mjini humo, waanze wao kutoa mfano.

Mwaka 2000 Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ni kubwa, lakini kubwa zaidi ni roho ya mtoto anayelala chini ya boriti hizo.