TAHARIRI: Tusimuulize Oliech pesa zilienda wapi

Kila jina la Dennis Oliech, mshambuliaji wa zamani wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, linapotajwa kwenye mikutano yetu, hakosekani mtu wa kuuliza: pesa zake zilienda wapi? Sisi tuliotoka Nyayo Highrise, Kibera na Kawangware kuja kutafuta riziki ughaibuni ndio wa mwisho kupaswa kuuliza swali hilo.

Tuanze na kazi yake. Alitoka Mathare United akiwa kijana mdogo, akaenda Al-Arabi ya Qatar. Hiyo ndiyo nchi iliyompa uraia mwanariadha wetu Stephen Cherono mwaka 2003, akaitwa Saif Saaeed Shaheen. Oliech naye alishawishiwa abadili uraia, akakataa. Tarehe 2 Februari 2004, siku aliyotimiza miaka 19, alifunga bao moja Kenya ilipoilaza Burkina Faso 3-0 nchini Tunisia. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Harambee Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Hadi anastaafu timu ya taifa, alikuwa ameifungia mabao 34.

Ufaransa alichezea klabu tatu, na zote zilishuka daraja akiwa nazo: Nantes 2007, Auxerre 2012, Ajaccio 2014. Katikati ya misukosuko hiyo, mwaka 2010, Auxerre, klabu ya mji mdogo, iliingia Ligi ya Mabingwa na kupangwa kundi moja na Real Madrid, Milan na Ajax. Aliyelipa kiingilio kibandani Kawangware kutazama mechi zile alikuwa akimtazama kijana wa Nairobi.

Lakini mshambuliaji wa aina hii huishi kwa mkataba. Timu ikishuka, mapato nayo hushuka. Akipita miaka 30, au goti likimsumbua, klabu hutafuta mwingine. Nyumbani mahitaji hayashuki daraja: karo, kodi ya nyumba, matanga, hospitali. Wenzetu walioko Ghuba kwa mikataba ya miaka miwili wanaijua hesabu hiyo vizuri.

Oliech mwenyewe alieleza hadharani kwamba fedha nyingi alizitumia kumtibu mama yake, aliyeugua saratani. Mwaka 2019, baada ya kuchezea klabu ya Dubai na kukaa miaka kadhaa nje ya uwanja, alirudi kuchezea Gor Mahia. Wapo waliomcheka. Sisi tunasema mtoto aliyemuuguza mama yake hakufuja mali. Aibu ni kwamba ugonjwa mmoja unaweza kumeza jasho la miaka kumi ya mtu aliyefika kilele cha kazi yake. Kama ulimfika mchezaji wa Ligi ya Mabingwa, utamfanyaje anayefagia ofisi usiku au kulea wazee wa watu?

Kwa hiyo tunawaomba wanajumuiya mambo mawili. Kwanza, kila mmoja ahakikishe wazazi wake wamesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na mchango wao umelipwa wangali wazima, badala ya kungoja kuchangishana mgonjwa akiwa amezuiliwa wodini. Pili, tuwe na mfuko wetu wa matibabu, unaochangiwa kila mwezi na wenye mahesabu yanayosomwa mbele ya wote. Pendekezo hilo litaletwa kwenye mkutano ujao. Njooni tulipitishe.