Mgeni Amecheza, Je, Amesikilizwa?



Zaburi ya 137 yatukumbusha Waisraeli waliopelekwa utumwani Babeli, ambao watesi wao waliwataka waimbe nyimbo za furaha. Watesi waliutaka wimbo. Machozi ya mwimbaji hawakuyataka.

Mkoa wetu wa Morogoro uliwapokea wakimbizi waliolijua jambo hilo. Baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976, vijana wengi waliikimbia Afrika Kusini. Huko Mazimbu chama cha ANC kilijenga shule yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979. Na Dakawa kikajenga makazi. Katika miaka ya 1980 kikundi cha sanaa cha chama hicho, Amandla, kikiongozwa na mwanamuziki Jonas Gwangwa, kilizunguka nchi nyingi kikiigiza historia ya watu wake. Kilicheza pia ngoma ya buti za mpira, iliyozaliwa miongoni mwa wachimba migodi. Mkimbizi aweza kunyang'anywa nyumba, shamba na hati. Mwili wake hubaki naye, nao hukumbuka. Kila kishindo jukwaani kilikuwa ushahidi.

Twayasema haya kwa sababu Kilosa nayo ni makao ya waliotoka mbali. Mashamba ya mkonge yaliwaleta manamba wa makabila mengi, wakaja na ngoma zao. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwafanya maelfu ya wenzetu wakose makao. Hapa Chanzuru, ifikapo sikukuu ya somo wa kigango, twawaita wahamiaji wacheze ngoma ya kwao, nasi twapiga makofi. Kesho yake, yakizungumzwa mashamba, twawaambia: "Ninyi si wa hapa." Hatumnyoshei mtu kidole, sisi mapadre tulikuwa tumekaa viti vya mbele.

Mtume Paulo afundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho. Basi, sikukuu ijayo wahamiaji wachague wenyewe watakaloigiza, hata kama litatuchoma. Baada ya igizo, Halmashauri ya Walei iketi nao iwasikilize.

Tujiulize katika Jumuiya zetu: Ni nani anayetuchezea, lakini hana kiti katika vikao vyetu? Ni nini tunachoogopa kukisikia kwake?